Mkono wa Taniboi

Mkono wa kushoto wa baba yangu ni mweusi kuliko wa kulia. Akivua shati jioni na kuketi barazani, mpaka unauona wazi, vidole viwili juu ya kiwiko, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Chini ya mpaka huo ngozi imekomaa kwa jua la miaka 22. Juu yake imebaki vile alivyozaliwa nayo. Dereva wake naye alikuwa hivyo hivyo, ila kwake ulikuwa mkono wa kulia. Ungewakuta wameketi bega kwa bega matangani, usingehitaji kuambiwa ni nani aliyeshika usukani na ni nani aliyekuwa taniboi, msaidizi wake.

Bedford waliyofanyia kazi haikuwa na indiketa. Mbele, juu ya bampa, palikuwa na matundu mawili yaliyozibwa kwa bati la mkebe wa mafuta. Nyuma palikuwa na taa moja nyekundu iliyowaka siku ikipenda. Lori likitaka kukata kushoto, baba alitoa mkono. Likitaka kukata kulia, dereva alitoa wake. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba taniboi huajiriwa kwa sababu hiyo tu, awe mkono wa lori upande ambao dereva hafiki, na kwamba kazi zake nyingine zote zilikuwa nyongeza: kupakia mchanga, kufunga turubai, kubadilisha gurudumu, kulala juu ya mzigo usiibwe.

Lori lenyewe lingali hai. Ni Bedford ya pua, ile TJ ambayo Vauxhall walianza kuitoa Uingereza mwaka 1958, na ambayo iliendelea kutengenezwa kwa ajili ya nchi kama yetu miaka mingi baada ya Waingereza wenyewe kuacha kuinunua. Bonneti ndefu, kioo cha mbele kifupi, sura ya mtu mzima anayetazama jua. Namba yake ni ya kabla ya KAA. Limebeba mchanga, matofali ya kuchoma, mbao na mahindi, na msimu wa kukata miwa likapeleka miwa kiwandani Kabras. Mwenye lori, mzee wa upande wa Lurambi, huliita Mama, kwa kuwa ndilo lililomsomeshea watoto sita. Mwaka huu amelipeleka gereji lifungwe indiketa na mikanda ya usalama, na baba yangu, ambaye amestaafu siku nyingi, akawa anakwenda kila asubuhi kutazama kazi hiyo. Nami nikawa ninakwenda na baba.

Kilichomsukuma mzee ni mvua. Hapa Kakamega asubuhi hung'aa na alasiri hunyesha, siku baada ya siku kwa sehemu kubwa ya mwaka; watu hupanga harusi na mikutano ya shule wakilijua hilo. Alasiri moja ya Aprili lori lilikuwa likitoka Khayega tupu, likakata kulia kuingia njia ya marramu iendayo kwenye machimbo ya mchanga. Dereva wa sasa, kijana mtulivu, alikuwa ametoa mkono. Lakini kioo kilikuwa kimeshushwa nusu tu, mkono umevaa koti jeusi la mvua, na bodi nyuma yake imelowa mpaka imekuwa nyeusi vilevile. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita upande wa kulia aligonga ubavu wa lori karibu na tangi la mafuta, na mguu wake ukavunjika mahali pawili.

Alipona. Mzee alilipa gharama za hospitali, akaenda kumwona nyumbani mara tatu. Mara ya tatu kijana akamwambia, bila hasira, "Mzee, mimi mkono sikuuona. Ningeuona ningengoja."

Mzee alimsimulia baba maneno hayo, baba akanisimulia mimi, na kila aliyesimulia aliyasema polepole. Baba yalimchoma kwa namna yake. Kwa miaka 22 alikuwa ametoa mkono akiamini kwamba aliye nyuma anauona. Na kweli alikuwa anauona. Barabara ya Kisumu hadi Webuye ya miaka ya sabini na themanini ilikuwa na magari machache, na lori lenye mzigo kwenye vilima vya hapa lilikwenda mwendo ambao mtoto angelikimbilia. Nyuma yake palikuwa na basi, au Land Rover ya misheni, au lori jingine la mtu mnayejuana. Mkono ulikuwa na macho ya kuusubiri. Leo nyuma ya lori pana pikipiki nne, matatu inayowahi foleni ya abiria na gari dogo ambalo dereva wake ni mgeni, na wote wanataka kupita kabla ya kona.

Nikimtazama baba akiutazama mkono wake, nilielewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: katika lori lile kifaa cha usalama kilikuwa mtu. Akilala, lori limekuwa bubu. Akiugua, wanatafuta mwingine. Kwenye mlima, injini ikizidiwa, alikuwa yeye anayeruka chini na gogo kuliweka nyuma ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi. Na kwa hiyo hakukaa kitini kama abiria anavyokaa, alikaa upande upande, mlango haujafungwa sawasawa, mguu mmoja tayari. Walisemezana na dereva kwa kupiga bati la mlango. Pigo moja, simama. Mawili, twende. Mengi ya haraka, kuna mtoto au ng'ombe. Usiku lori likiharibika alikuwa yeye anayetembea nyuma hatua mia moja gizani akivunja matawi na kuyatandaza barabarani, ili anayekuja ajue kuna jambo. Lugha hiyo ya matawi bado tunaisoma wote hadi leo, hata wenye magari mapya.

Historia yenyewe ya indiketa ilianzia kwenye mkono. Kitabu cha sheria za barabarani tulichorithi kwa Waingereza kilimfundisha dereva anayekaa kulia kunyoosha mkono anapokata kulia, kuuzungusha kinyume cha saa anapokata kushoto, na kuupandisha na kuushusha polepole anapopunguza mwendo. Walipotaka kumpumzisha dereva, watengenezaji wa magari hawakufikiria mbali: walitengeneza mkono mwingine. Ulikuwa kijimkono cha chuma chenye taa ndani, kimefichwa kwenye nguzo ya mlango, kikichomoza dereva anapobonyeza swichi na kurudi mahali pake akiiachilia. Morris Minor zilikuwa nacho mpaka 1961, na wapo wazee hapa mjini wanaokumbuka kijimkono hicho kikikwama nje, gari likatembea mji mzima likiahidi kukata kushoto. Marekani walikwisha kuhamia kwenye taa za kumweka. Buick walizifunga kwenye magari yao ya 1939. Mwanga unaowaka na kuzima uliushinda mkono kwa sababu jicho la binadamu hugeukia kinachobadilika. Taa isiyotikisika huizoea. Inayomweka hulisumbua, na pale barabarani kusumbuliwa ndiko kunakotakiwa.

Fundi wa waya aliyepewa kazi ni binti wa miaka ishirini na kitu aliyesomea ufundi Sigalagala. Baba alimwita "mama" tangu siku ya kwanza, naye akamwita baba "mzee", na wakaelewana. Alianza kwa kung'oa. Chini ya dashibodi mlikuwa na miaka hamsini ya waya: za kiwandani, ganda limepasuka kama mhogo uliokaukia juani; za mafundi kumi waliopita, kila mmoja na rangi yake, zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa gundi ya plastiki iliyoyeyuka. Nyingine hazikwenda popote. Ndizo zilizobaki za taa za kuazima, ambazo zilifungwa siku ya ukaguzi na jioni zikarudishwa kwa mwenyewe. Mzee hakuficha hilo. Alisimama palepale akasema, "Hizo nilikuwa ninaazima kwa jirani," na binti akaendelea kukata.

Kitu kinachofanya indiketa imweke ni kidogo kuliko kiberiti. Mafundi hukiita flasha. Katika zile za zamani, ambazo mzee alizitaka kwa sababu ya mlio wake, ndani mna kibamba chembamba cha metali. Umeme ukipita, kibamba kinapata joto, kinajikunja, kinakata njia ya umeme, taa zinazima, kinapoa, kinanyooka, kinagusa tena. Kila balbu ya indiketa ni wati 21. Kwa betri ya volti 12, balbu mbili za upande mmoja, ya mbele na ya nyuma, hunywa ampea tatu na nusu, na ni kwa mkondo huo kibamba kimepimwa. Balbu moja ikiungua, mkondo unapungua, na mdundo unabadilika. Dereva hana haja ya kushuka kwenda kutazama nyuma. Anasikia kwa sikio kwamba upande mmoja wa lori umenyamaza. Fundi alimweleza baba hilo, kisha akachomoa balbu ya nyuma makusudi ili asikie. Baba aliinamisha kichwa kuelekea dashibodi jinsi mtu anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. "Linasema lenyewe," akasema.

Alichokihofia zaidi binti yule ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia mwili wa gari. Kwenye lori la mvua za Kakamega, kila mahali bati linapokutana na bati pana kutu, na kutu haipitishi umeme vizuri. Umeme ukikosa njia ya kurudi huzunguka na kutafuta nyingine kupitia taa ya jirani. Ukiwasha indiketa, taa ya breki nayo inamulika hafifu, na lori linamwambia aliye nyuma mambo mawili kwa wakati mmoja. Alikwangua chasisi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama sarafu, akafunga kila taa na waya wake wa kurudi, akapaka grisi juu. Kila waya ulipopita kwenye tundu la bati alivisha mpira, maana ncha ya bati hula ganda kidogo kidogo kwa mtikisiko hadi siku waya unapogusa chuma. Kazi ya kufunga taa nne ilimchukua siku tatu. Mzee hakumharakisha.

Palikuwa na mjadala kuhusu mahali pa taa za nyuma. Zamani taa zilikaa chini ya bodi, katikati, na lori likibeba miwa, mikia ya miwa ilining'inia na kuzifunika zote. Kila anayetumia barabara ya Webuye usiku anaijua hofu hiyo: trekta na trela lake la miwa mbele yako, hakuna taa, hakuna kiakisi kinachoonekana, ni giza zito tu ndani ya giza, na unaligundua ukiwa umebakiza mita chache. Hapa karibu na ikweta jioni haina subira. Jua likizama, nusu saa haijaisha ni usiku kamili, na trekta lililotoka shambani mchana linakutwa njiani. Binti alizitoa taa nje kabisa, kwenye pembe za bodi, ndani ya vizimba vya nondo alivyochomelea welda wa jirani ili mzigo usizipige. Si nzuri kwa macho. Lori limekuwa kama limevaa miwani nyuma. Lakini zinaonekana.

Swali la uzuri lilikuja pia, kupitia kwa mpita njia mmoja, mpenzi wa magari ya zamani, aliyesikitika kwamba Bedford safi kama ile inaharibiwa uhalisi wake. Ninamwelewa. Kuna heshima katika kukiacha kitu jinsi kilivyotoka mikononi mwa waliokitengeneza, na mimi mwenyewe huumia nikiona nyumba nzuri ya zamani imepachikwa madirisha ya alumini. Lakini uhalisi wa lori ni upi? Tangu 2003 magari ya zamani yamekuwa yakishindana katika mbio za East African Safari Classic, zilizoanzishwa nusu karne baada ya mbio za kwanza za Safari za 1953, na kila gari humo limefungwa vyuma vya kulinda paa na mikanda ya kumshika dereva mabegani na nyongani. Watu husimama vumbini kuzishangilia. Sijasikia mtu akidai kwamba zile si Datsun na Porsche tena. Lori linalofanya kazi halijawahi kubaki jinsi lilivyotoka kiwandani hata kwa mwaka mmoja. Bodi yake ilitengenezwa na seremala wa hapa, springi zimeongezwa, kiti kimeshonwa upya mara tano. Yote hayo yalifanywa ili libebe zaidi. Hili la sasa linafanywa ili aliyemo na aliye kando yake wafike nyumbani, na ninaona limechelewa.

Mwaka huohuo wa 2003, kwenye gazeti rasmi la serikali, ilitoka Notisi ya Kisheria namba 161, ambayo Mkenya hahitaji kuisoma kwa sababu anaijua kwa jina la waziri wa uchukuzi wa siku hizo: sheria za Michuki. Zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano kwenye matatu, mikanda kwa kila abiria. Matatu nyingi ziliegeshwa siku hizo na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na wakatembea bila kunung'unika sana, maana walikuwa wamechoka kuzika. Malori nayo hayakuachwa. Mikanda ikatafutwa kama sukari wakati wa uhaba. Mzee wetu alipata miwili na kuifunga kwa skrubu kwenye mbao za kiti. Mbao! Askari alipochungulia aliona mkanda, akaruhusu lori lipite. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata kwenye matatu baada ya miezi michache: kondakta anapaza sauti, "Fungeni mishipi, kuna askari mbele," watu wanajifunga, askari akipita wanajifungua, na mkanda unarudi chini kukusanya vumbi. Tulijifunza kujilinda na askari.

Binti alipoivuta ile mikanda ya 2004, mmoja ulitoka na mbao yake mkononi.

Ninataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hudanganyika. Mkanda wenyewe ni kitambaa. Nguvu yake iko pale uliposhikizwa. Chukua lori linalokwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao hakuna mtu hapa angeuita wa kasi, likagonga kitu na kusimama. Mwili wako haujasimama. Kwa mwendo huo ni kana kwamba umeanguka kutoka mita sita, kutoka kwenye matawi ya mparachichi. Ukiwa na kilo 70, na mkanda ukakusimamisha ndani ya nusu mita, utavutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa mafahali wawili, wale wa kupigana, wa Isukha na Idakho, waliokwisha kunenepeshwa kwa ajili ya uwanja. Skrubu nne kwenye ubao zitawashika mafahali wawili?

Kwa hiyo welda alilala chini ya kabini nusu siku. Sakafu ya Bedford ile ni bati, na bati lilikuwa limeliwa kiasi kwamba bisibisi ilipita. Alikata sehemu iliyooza, akaweka jipya, kisha chini yake, kila mahali pa bolti, akaweka bamba nene pana kama kiganja, ili bolti ikivutwa isitoboe na kutoka kama kifungo kwenye shati kuukuu. Bolti zenyewe ni za chuma kigumu, inchi 7/16, zile zile zinazotumika kwenye mikanda ya magari mengi duniani. Kiti chenyewe, ambacho siku zote kilikuwa kimekaa tu kwa uzito wake, nacho kikafungwa sakafuni. Nguzo ya mlango ikaongezwa chuma kwa ndani ili ibebe ncha ya juu. Mkanda wa kiuno ukipita tumboni hukata matumbo, hivyo bolti za chini ziliwekwa nyuma na chini ya kiti, ili mkanda ulalie mifupa ya nyonga. Mikanda ilinunuliwa mipya. Ya mitumba ilikuwapo, kwa bei ya robo, lakini mkanda uliokwisha kumshika mtu mara moja katika ajali umenyooka nyuzi zake na haufai kumshika mwingine, na juu ya meza ya muuzaji huwezi kujua upi ulimshika nani.

Mkanda huu wa pointi tatu, wa begani na kiunoni kwa pamoja, ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden, ambaye kabla ya kuajiriwa na Volvo alikuwa akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege inayoanguka. Volvo wakaanza kuufunga 1959, na wakawaachia watengenezaji wengine wote wautumie. Huwa ninamfikiria mtu huyo aliyetumia miaka ya mwanzo ya kazi yake kutafuta jinsi ya kumtoa mtu nje ya chombo, kisha akakaa na kujiuliza jinsi ya kumweka ndani.

Ndipo likaja lile ambalo kwa kweli ndilo lililonifanya niandike. Mzee alikuwa amenunua mikanda miwili. Mmoja wa dereva, mmoja wa upande wa dirisha la kushoto, ambako yeye mwenyewe hukaa anapofuatana na lori. Binti alihesabu nafasi za kiti akauliza, "Na wa taniboi?"

"Taniboi hukaa popote," mzee akajibu.

Hakusema kwa dharau. Alisema jinsi mtu anavyosema kwamba maji huenda chini. Mwenye lori akiwemo, taniboi husogea katikati. Akiwemo na mgeni, taniboi hupanda juu ya mzigo pamoja na vijana wa kupakia. Ndivyo ilivyokuwa tangu lori lilipokuwa jipya. Baba alikuwa amesimama kando ya gurudumu la mbele, mkono wake ule juu ya bonneti. Hakusema neno. Aliutoa mkono, akaufuta vumbi kwenye suruali, akaenda kuketi kwenye benchi la gereji kivulini. Mzee alimfuata kwa macho. Wamejuana tangu 1978. Sijui mzee aliona nini usiku ule, lakini kesho yake alikuja na mkanda wa tatu ndani ya karatasi ya nailoni, akampa binti bila maelezo.

Sheria yetu ya makosa madogo ya barabarani huhesabu faini ya mikanda kwa viti: shilingi 1,000 kwa kila kiti kisicho na mkanda, 500 kwa aliyekaa bila kuufunga. Kuhesabu viti ni hesabu rahisi. Lakini malori yetu hayajawahi kubeba watu kwa hesabu ya viti. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kwenye barabara zote zinazoingia mjini, wako vijana watano, sita, wameketi juu ya mchanga, koti kichwani, migongo imepeana joto. Hao hawana kiti, kwa hiyo hawana mkanda, kwa hiyo katika hesabu hawapo. Wakianguka tunasoma idadi yao. Mzee amesema atawalipia nauli ya bodaboda hadi machimboni, na kwa wiki mbili hizi amefanya hivyo. Jumanne iliyopita nililiona lori likipita Sichirai na vijana wawili juu. Nilimwuliza dereva, akasema pikipiki ziligoma kwa mvua. Siwezi kumlaumu, na siwezi kukubali.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi, nalo ni kwamba taa haina uso. Madereva wa malori wameifundisha indiketa maneno ambayo kitabu hakikuyaandika. Ukiwa nyuma ya lori mlimani, likiwasha ya kushoto huenda linakuambia pita, mbele kweupe. Likiwasha ya kulia linakuambia ngoja, kuna gari linakuja. Usiku, lori linalokuja huwasha ya kulia likuonyeshe ukingo wake unapoishia, usije ukaukwangua. Na mara nyingine indiketa ya kulia inamaanisha tu kwamba lori linakata kulia. Maana tatu kwenye mwanga mmoja, na anayekosea tafsiri hana nafasi ya kuuliza. Baba alimweleza kijana dereva kwamba mkono wake ulikuwa na kidole, na kiganja, na nyuma yake kichwa kilichogeuka kukutazama machoni kikajua umeelewa. Alimwomba jambo moja: asiitumie taa kumpa mtu ruhusa ya kupita. Aitumie kusema lori linakwenda wapi, basi. "Ukimwambia pita akafa," alisema, "umemwambia wewe."

Tulilijaribu lori siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, mvua ikiwa imekwisha na lami ikitoa mvuke. Dereva, mimi katikati, baba dirishani. Binti alimfunga baba mkanda yeye mwenyewe, akausogeza chini ya tumbo, akauvuta mara mbili kuhakikisha, na baba akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwa miaka 22 hakuwahi kuegemea kiti kile kwa mgongo wote. Tukatoka Lurambi, tukapita mjini kati ya pikipiki, tukashuka barabara ya Kisumu. Hakuna aliyezungumza. Injini ya Bedford haikuachii nafasi ya mazungumzo hata hivyo.

Karibu na Ilesi, kabla ya njia ya marramu upande wa kushoto, dereva akashusha gia na kubonyeza swichi. Flasha ikaanza, tik, tik, tik, na kwenye kioo cha pembeni nikaona mwanga wa chungwa ukigonga lami iliyolowa. Mkono wa baba ukatoka dirishani. Hakuufikiria, ulitoka wenyewe, umenyooka, kiganja kimefunguka, na bega likaufuata kama lilivyokuwa likiufuata siku zote. Mkanda ukabana. Ukamshika kifuani, akabaki ameinama nusu, mkono nje hadi kiwikoni tu.

Nyuma yetu pikipiki mbili zilipunguza mwendo zikangoja.

Lori likakata kona. Taa ikazima. Baba akarudi taratibu akaegemea kiti, lakini mkono hakuurudisha ndani. Aliuacha umelala juu ya ukingo wa mlango, kwenye upepo, mpaka tulipofika.